Chumba cha Bure Kondoa

Tangu waoane, Salwa na Swedi hawakuwahi kucheka kwa sauti wakiwa wawili. Chumba chao kilikuwa nusu ya chumba. Kwenye nusu ya pili alilala mama yake Swedi, Bi Khairat, na katikati palikuwa na ubao wa plaiwudi ambao haukufika darini. Bi Khairat alikuwa na pumu. Akikohoa, Salwa alijiziba mdomo kwa kiganja. Akinyamaza, alijiziba zaidi, maana hapo ndipo mama mkwe alipokuwa anasikia.

Hakuwa mkwe mbaya. Asubuhi moja alisema, huku akichovya mkate kwenye chai, "Wanangu, msinyate usiku kama wezi. Na mimi niliwahi kuolewa." Salwa alishindwa kumaliza chai yake kwa aibu. Siku hiyo hiyo akaamua kwamba lazima wapate mahali pa kwenda, hata kama ni kwa siku chache.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa tena. Sabuni za kunukia zilirudi, vitenge vya nje vikapangwa barabarani, na watu waliokuwa na magari wakanunua magari mengine. Swedi hakuwa miongoni mwao. Alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ndogo huko Kizota, kijana mrefu mwenye makovu madogo ya cheche mikononi, na Salwa alimpenda kwa makovu yale kabla hajalijua jina lake.

"Dar hapana," Swedi alisema jioni ile, wamekaa barazani, Salwa akichagua mchele kwenye ungo. "Nauli peke yake itatumaliza."

"Sijataja Dar."

"Morogoro kuna mjomba, lakini ana watoto hadi varanda."

"Sijataja Morogoro pia." Salwa alitabasamu bila kuinua macho. "Mimi nimeshapanga. Twende Busi kwa shangazi yako."

"Busi?"

"Tunapanda basi hadi Kondoa. Kutoka pale kuna malori ya mnada. Mchele tunabeba wenyewe, mkeka tunao, shangazi tunampelekea sukari na khanga. Nitakaanga visheti vya njiani. Mchana tunapanda mlimani, hakuna anayetujua, hakuna plaiwudi." Alichukua jiwe dogo kwenye mchele, akalirusha uani. "Fungate ya wasio na kitu. Si watu wote wanakwenda Zanzibar."

Swedi alimtazama kwa muda mrefu, mtazamo ule uliomfanya Salwa asahau mchele. Kisha uso wake ukaingia kivuli.

"Mke wangu wa mjini nimpeleke akalale kwenye tembe, mbuzi wapo upande wa pili wa ukuta? Dada yako alikwenda Zanzibar. Watu watanilinganisha."

"Mbuzi hawasikilizi kama mama," Salwa alisema, na wote wawili wakacheka, kimya kimya kama desturi yao.

Mpango ungebaki huo kama shemeji yake Salwa asingefika.

Fahadi alikuwa mume wa Naima, dada pekee wa Salwa. Alikuwa mfanyabiashara, ana malori, na nusu ya kazi za karakana ya Kizota zilitoka kwenye malori hayo. Sauti yake ilikuwa ya chini na laini, kanzu yake haikuwahi kuonekana na doa, na hakuja nyumba ya mtu mikono mitupu. Wazee walimsifu. Salwa peke yake alijua kitu kingine. Fahadi alikuwa na tabia ya kukupa kitu kisha akachelewa kukiachia. Unapokea kifurushi, vidole vyake vinabaki juu ya vyako, vya moto na vyenye majimaji, naye anakutazama huku anaongea na mtu mwingine. Alianza hivyo tangu Salwa akiwa msichana wa shule aliyekwenda kumsaidia dada yake kazi. Kila mara Salwa alikwenda kunawa kwa sabuni. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu angesema nini? Kwamba shemeji anatoa zawadi polepole?

"Nimesikia mnatafuta mahali pa kupumzika," Fahadi alisema, akimkabidhi Bi Khairat pakiti ya majani ya chai, kisha akamgeukia Swedi. "Mwanyumba, kwa nini hukuniambia? Nina gesti Kondoa. Chumba changu mwenyewe, kina kitanda cha sita kwa sita, nawapa bure. Kaeni mpaka mchoke."

Bi Khairat alimwombea dua palepale. Swedi alisimama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Sitaki," Salwa alisema walipobaki wawili.

"Kwa nini?"

"Sipendi tu. Twende Busi."

"Salwa, tumepewa kitanda, tumepewa mlango unaofungwa kwa ufunguo. Niambie sababu nami nitamrudishia."

Salwa alifungua mdomo, akaona jinsi maneno yake yatakavyokuwa madogo, akaufunga. Alikwenda kwa mama yake mzazi, naye akamkemea. Mume wa dada yako ni kaka yako, mama alisema. Mtu anakutendea wema, wewe unakunja uso kama umeonja shubiri.

Basi wakaenda Kondoa.

*

Walifika alasiri, nywele zimegeuka nyekundu kwa vumbi. Gesti ilikuwa nyuma ya soko, imepakwa rangi ya bluu kwa mbele tu. Mhudumu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Emilia, aliwafungulia chumba cha mwisho kwenye ukumbi, akampa Swedi ufunguo, na kabla ya kuondoka akamtazama Salwa kwa namna ambayo Salwa hakuielewa. Ilikuwa kama huruma.

Harufu ndiyo iliyowapokea. Udi ulikuwa umefukizwa humo kwa wingi, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine ambayo udi haukuweza kuifunika, ya jasho la zamani, mafuta ya nywele na godoro lililowahi kulowa likakaukia ndani. Ukutani juu ya kitanda palikuwa na alama ya mafuta, duara la kichwa cha mtu anayependa kuegemea. Kwenye dirisha palikuwa na ganda la hina, na kwenye kona, nyuma ya mlango, bendi ya nywele ya mtoto wa kike, ya plastiki, yenye ua.

"Tutafungua dirisha," Swedi alisema kwa furaha. "Ona kitanda hicho, mke wangu. Tunaweza kukimbizana juu yake."

Salwa alikuwa anatazama shuka.

Lilikuwa shuka jeupe la kutarizi, ndege wawili wanatazamana katikati ya majani. Jicho la ndege mmoja lilikuwa la kijani, la mwenzake jekundu. Salwa alijua kwa nini. Uzi wa kijani ulikuwa umemwishia usiku wa kuamkia harusi ya Naima, na maduka wakati ule hayakuwa na uzi. Alilitarizi shuka lile kwa miezi, akiwa binti mdogo, akiimba, akikitakia heri kitanda cha dada yake. Sasa lilikuwa na madoa ya manjano yaliyofuliwa yakakataa kutoka, mengine juu ya mengine.

"Hili ni shuka la dada Naima," alisema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nimelitarizi mimi. Alisema liliibwa kwenye kamba."

Swedi aliinama, akatazama. "Mashuka ya namna hii yapo mengi."

"Jicho moja jekundu?"

"Labda dada alimpa mwenyewe kwa ajili ya gesti, akasahau. Salwa, tumesafiri kutwa nzima. Usitafute ubaya."

Salwa alitandika mkeka wao sakafuni, upande wa dirishani, akalala hapo na nguo zake. Swedi alikaa ukingoni mwa kitanda kwa muda, kisha akashuka akalala karibu naye. Walikuwa na mlango unaofungwa kwa ufunguo, na hakuna aliyecheka.

*

Asubuhi Fahadi alikuwa kwenye meza ya chai, amekwisha waagizia chapati na mayai ya kuchemsha. Alikuwa amepita tu, alisema, kuangalia mizigo. Bahati mbaya tela la lori lake limekatika kwenye ghala, ng'ambo ya mto. Fundi wa Kondoa angelikoroga.

"Mwanyumba, naona aibu hata kukuomba, uko mapumzikoni."

"Usiseme hivyo," Swedi alijibu, na tayari alikuwa anasimama. "Nitarudi mchana, Salwa."

"Nakuja nawe," Salwa alisema.

"Kule ni vumbi na moto tupu. Pumzika."

Salwa alirudi chumbani na sahani yake ya chapati na yai, akaacha mlango wazi. Alikuwa anakunja mkeka ili akakae uani na Emilia, pale Fahadi alipoingia, akausukuma mlango kwa kisigino, akakaa kitandani. Hakuwa na haraka. Alilipapasa shuka kwa kiganja, kutoka kwa ndege mmoja hadi kwa mwingine.

"Umelala sakafuni," alisema. "Nani kakuudhi?"

"Naomba utoke, shemeji. Mume wangu hayupo."

"Mumeo ni kijana mzuri. Lakini mafundi Dodoma wako wengi, na malori yangu yanaweza kwenda karakana yoyote. Wewe unaweza kumsaidia sana."

"Nimsaidie vipi?"

"Usiwe mkali kwangu. Basi."

Akachukua yai lililobaki kwenye sahani ya Salwa. Alilimenya taratibu, akiweka kila ganda juu ya goti lake, akaling'ata nusu. Kiini kilibaki kwenye ndevu zake, unga wa njano. Kisha akaisogeza ile nusu ya pili, yenye alama za meno yake, hadi mdomoni mwa Salwa.

"Kula."

Salwa aliupiga ule mkono. Yai likaanguka shukani, likaviringika likatulia juu ya majani aliyoyashona mwenyewe.

"Umelitoa wapi shuka hili?" aliuliza. Swali hilo lilimtoka lenyewe.

Fahadi alitabasamu kama mtu aliyeulizwa alichokuwa anangojea kuulizwa.

"Kabatini kwa dada yako. Nililichagua. Mambo yangu yote ya hapa nayafanya juu yake, Salwa. Nikifumba macho naona ni mikono yako."

Salwa aliuacha mkeka. Hakupiga kelele. Alipita mbele yake akiwa ameziba mdomo, akafika uani, akainama kwenye mfereji wa maji machafu, akatapika chai, akatapika maji, akaendelea kutapika wakati hakuna tena cha kutoka. Mkono mmoja ulimshika paji la uso. Alikuwa Emilia.

"Tapika, mdogo wangu. Wanatapika wengi hapa."

Nyuma yao, sauti laini ya Fahadi ilisema kutoka ukumbini, "Emilia, mpe mgeni ndimu, safari imemchosha." Kisha kwa sauti ya chini zaidi, alipopita karibu, "Ukimwambia Naima, atasema umenitamani. Ataniamini mimi."

*

Swedi alikuwa chini ya tela, miguu tu ndiyo inaonekana. Salwa alimwita mara moja. Alitoka, akavua miwani ya kuchomelea, na alipoona uso wa mkewe akamvuta kando ya ghala, mbali na wapagazi.

Salwa alimweleza yote. Hakulia. Alieleza yai, alieleza shuka, alieleza maneno kama yalivyosemwa, ingawa kila neno lilimrudishia ladha ya nyongo kooni. Alipomaliza, akasubiri.

Swedi alitazama nyuma, kama kuna mtu anasikia.

"Labda alikuwa anakutania," alisema. "Mashemeji hutaniana."

Salwa alimkazia macho.

"Simtetei. Lakini fikiria kwanza. Malori yake yakiondoka, karakana inafungwa. Mama na dawa zake. Tumalizie leo, kesho asubuhi tuage kwa heshima, tuondoke, wala hutamwona tena peke yako. Nakuahidi."

Alinyoosha mkono kumshika bega. Salwa aliutazama mkono ule, makovu yale ya cheche aliyoyabusu moja moja, na ngozi yake ikasisimka kama ameguswa na kitu cha majimaji. Alitazama mdomo uliosema maneno yale. Alikuwa anaupenda mdomo huo. Sasa ulikuwa kama chakula kizuri alichokuta unywele ndani yake, na hakujua kama angeweza tena kula kwenye sahani ile.

"Usinishike."

"Salwa."

"Yule nilimtarajia kuwa hivyo, Swedi. Nilikuwa najua, sikuwa na maneno tu. Wewe sikukutarajia." Alijifunga mtandio vizuri. "Malizia tela lake. Ukichoka, kalale kwenye lile shuka. Ni laini."

Alivuka mto peke yake. Sokoni lori lilikuwa linapakia akina mama waendao mnada wa Busi. Alikuwa na nauli yake kwenye pindo la khanga. Akapanda, akakaa juu ya gunia la chumvi, uso kuelekea milima.

*

Shangazi Kuluthumu alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, anayeongea Kiswahili kwa vipande, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alimkagua mgeni kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe mke wa Swedi. Nilikuona harusini. Swedi yuko wapi?"

"Nimemwacha Kondoa."

"Amekupiga?"

"Hapana, shangazi."

"Basi oga. Halafu utasema."

Alimchemshia maji. Salwa alijisugua hadi ngozi ikauma, na bado alihisi udi ule kwenye nywele. Alisema jioni, wakipukuchua mahindi, na shangazi alisikiliza bila kuacha kupukuchua. Alipofika kwenye yai, shangazi alitema mate chini, akayafukia kwa unyayo.

"Na Swedi akasema nini?"

"Akasema mashemeji hutaniana."

Mahindi yaliacha kudondoka.

"Huyo nilimlea mimi," shangazi alisema. "Nina aibu."

Siku zilizofuata Salwa alifanya kazi za nyumba ile kama aliyezaliwa humo. Alichota maji, alifagia zizi. Mavi ya mbuzi hayakumkera hata kidogo. Yalikuwa uchafu wa kweli, unafagiliwa unaondoka. Mayai ndiyo alishindwa. Kuku akitaga, alimwita shangazi aje kuyaokota. Usiku aliota mikono yake inashona na uzi hauishi.

Alimfikiria Swedi, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwamba bado alimfikiria. Alikumbuka anavyocheka kwa mabega tu, bila sauti, kwa ajili ya mama yake. Moyo ukianza kulainika, sentensi ile ilirudi, na roho ikachafuka upya. Aliamua. Akija akasema tusahau, ataomba talaka. Mama yake mzazi atamfukuza, majirani watasema. Waseme.

*

Alikuja siku ya mnada uliofuata, kwenye lori lilelile la akina mama, na hakuwa peke yake. Mwanamke aliyeshushwa kwanza alikuwa amevaa buibui lililojaa vumbi, na viatu vya mjini, na Salwa alimjua kwa namna alivyoshika kiuno kabla hajainua uso.

"Dada," alisema.

Naima alitembea hadi alipo, akamtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba, na yalikuwa makavu.

"Sikuja kukuuliza kama ni kweli," alisema. "Mumeo aliniletea shuka langu. Aliliweka mezani mbele ya Fahadi, wakati tunakula, akasema yote. Fahadi akacheka, akasema wewe ndiye uliyemtamani. Mimi nikawa natazama jicho la ndege." Alikung'uta vumbi kwenye buibui. "Miaka yote hii nanusa udi kwenye nguo zake, Salwa. Mimi mwenyewe nazifua. Nilikuwa najiambia ni udi wa msikitini."

"Dada, ningekwambia zamani. Sikujua namna."

"Na mimi ningekuuliza zamani. Ulikuwa unanawa mikono sana kwangu." Alikaa chini palepale, kwenye ukingo wa baraza. "Kuna maji ya kunywa hapa? Sirudi kule. Sijui nakwenda wapi, ila kule sirudi."

Shangazi Kuluthumu alimletea maji kwenye kibuyu, akamshika mkono, akamwingiza ndani bila kuuliza ni nani. Ilipofika zamu ya Swedi kusalimia, "Shikamoo, shangazi," mama yule alimpita bila kuitika, akaenda kufunga mbuzi. Swedi alilala kwa jirani.

Asubuhi Salwa alikwenda korongoni kuchota maji na kufua. Aliposikia hatua nyuma yake hakugeuka.

"Nimefukuzwa karakana," Swedi alisema. "Malori yameondolewa siku ileile."

"Unataka nikupe pole?"

"Hapana. Nataka usikie kutoka kwangu, si kwa mama." Alisimama mbali kidogo. Alikuwa amekonda. "Pale ghalani, Salwa. Kuna kitu sijakwambia."

"Sema."

"Nilikuamini tangu neno la kwanza. Sikudhani hata mara moja kwamba alikuwa anatania. Nilijua ni kweli, na nikasema vile, kwa sababu niliona karakana inafungwa. Kisha nikarudi chumbani kuchukua mkeka wetu, nikakuta lile yai bado lipo shukani, na inzi. Emilia alikataa kulitoa. Aliniambia, litazame wewe. Nikalitazama."

Maji yalijaa ndoo, yakaanza kumwagika. Salwa hakuyaona.

"Afadhali usingeniamini," alisema polepole. "Hilo ni baya zaidi."

"Ndiyo."

"Ulijua, ukaniomba nikae naye siku moja zaidi."

"Ndiyo."

Alisubiri aongeze kisingizio, lakini mara hii hakikuja. Salwa aligeuka. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Kondoa, akautafuta ule uso aliouzoea, na akaupata, na juu yake bado kulikuwa na ule unywele kwenye chakula.

"Bado nikikutazama roho inachafuka," alisema.

"Najua."

"Sijui itaisha lini. Sijui kama itaisha."

"Sitakuuliza."

"Hatutarudi kwenye plaiwudi ile na kujifanya tumetoka fungate. Na dada akitaka kukaa kwetu, atakaa."

"Atakaa. Nimeshamwambia."

Upepo wa mlimani ulipita, ukaleta harufu ya majani yaliyokatwa. Kutoka nyumbani ilisikika sauti ya shangazi akimfundisha Naima kutwanga, na kinu kikilia vibaya. Huku korongoni hakukuwa na mtu mwingine. Hapo ndipo mahali alipopapanga yeye, akichagua mchele barazani, mahali ambapo hakuna anayewajua.

Swedi alisogea hatua moja.

"Usije hapa," Salwa alisema. Alifikiri kidogo, akanyoosha kidole kwenye jiwe lililokuwa chini ya mti, ng'ambo ya maji. "Kaa pale."

Akavuka, akakaa. Salwa akavua khanga ya juu, akaanza kufua nguo zake za safari, zile alizovaa Kondoa, akizipiga kwenye mwamba. Alifua kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Jua likapanda, kivuli cha mti kikasogea kikamwacha Swedi juani, jasho likamchuruzika usoni, naye akabaki palepale alipowekwa.

Salwa aliona. Hakumwambia ahame, wala hakumwambia aondoke.